Jumamosi za Zamu

Kesi iliyowatenganisha Mama Breki na mumewe ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha tairi la nyuma la lori. Mwenyewe ndiye aliyepima hivyo, maana katika miaka kumi na miwili ya kuendesha malori ya mizigo alikuwa amebadilisha matairi mengi, na mahakamani alikuwa hajawahi kukanyaga. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisoma karatasi, akawatazama wote wawili, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Maneno yalikuwa yamewaishia nyumbani zamani, ndiyo maana wakafika pale.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu. Hakuwa mlevi wala mkorofi, na mkono wake haukuwahi kumgusa mtu kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kukaa, na mkewe mtu wa kwenda. Mwanzoni kila mmoja alipenda kwa mwenzake kile alichokikosa yeye. Baadaye kitu kilekile kikawa mwiba. Mama Breki akirudi safari baada ya siku sita, alikuta nyumba imejipanga bila yeye, kikombe chake kimesukumwa nyuma kabisa ya kabati, na mumewe anamkaribisha kama mgeni wa heshima. Hawakugombana. Walizimika polepole, kama jiko la mkaa lisilo na wa kulipepea.

Jina la Mama Breki alipewa na madereva wenzake. Siku moja gari lilikosa breki kwenye mteremko, naye akaliteremsha kwa gia tu mpaka chini, likasimama, akashuka, akaomba maji ya kunywa. Lilikuwa jina la sifa. Lakini siku ile mahakamani sifa iligeuka shitaka.

"Kwa mwezi unalala nyumbani siku ngapi, mama?" hakimu aliuliza.

"Inategemea mzigo, mheshimiwa. Siku nane. Mwezi ukiwa mzuri, kumi."

"Mzuri kwa nani?"

Hakimu hakusema kwa kejeli. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua, na swali likabaki pale mezani bila mwenyewe. Kisha akatoa amri. Mtoto wao mmoja, binti wa miaka minane, angeishi kwa baba yake, karibu na shule. Wiki moja ndiyo, moja hapana, angekuwa kwa mama yake, kuanzia Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka Jumapili saa kumi na moja jioni. Likizo wagawane nusu kwa nusu, na ada vilevile. Na kwa kuwa mama ndiye asiyekaa na mtoto, na kipato chake kimezidi kidogo mshahara wa mwalimu, atume pesa za matunzo kila tarehe tano.

"Amri hii si jiwe," hakimu alimalizia. "Hali ikibadilika, rudini hapa tuiangalie upya. Lakini msiibadilishe wenyewe kimyakimya."

Nje, kwenye ngazi, walisimama kidogo kama abiria wawili waliokosa gari moja.

"Leo utakula wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Njiani."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho kama mke na mume.

Jioni ile dada yake mkubwa alimpigia simu, sauti iko juu. "Tangu lini mwanamke akalipa matunzo? Hayo hulipa wanaume! Unatutia aibu."

"Mtoto anakula chakula, dada. Hali jinsia."

Dada akasonya, akakata. Mama Breki alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kwisha. Dada aliweza kumjibu. Nafsi yake mwenyewe ndiyo iliyomshinda kujibu.

Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta zilinuka rangi, na mchana kutwa alisikia misumari ikimiminwa kwenye mizani. Akanunua kitanda kidogo, chandarua, kiti cha plastiki na ndala za mtoto. Ndala alizikadiria kwa macho, na Jumamosi ya kwanza mtoto alipozivaa, visigino vilitokeza nje kwa vidole viwili. Alikuwa amenunua ndala za mtoto wa mwaka jana.

Huyo binti walimwita Chiriku, kwa vile tangu ajue kusema hakuwa na nukta. Alikuja na mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba karatasi yenye mwandiko wa Mwalimu, ule wa ubaoni, ulionyooka kama umepigiwa rula. *Dawa ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi na jioni. Hesabu, ukurasa wa 31. Hapendi mlango wa chumba ufungwe akilala.* Mama Breki alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Hakuwa akijua kwamba mwanawe hapendi mlango ufungwe.

Chiriku alizunguka vyumba vyote viwili, akafungua kabati, akachungulia chini ya kitanda, kisha akaja kusimama mbele ya mama yake, mikono kiunoni.

"Mama, hapa ni kwako au kwetu?"

"Ni kwetu."

"Na kule kwa baba?"

"Kule pia ni kwenu."

Mtoto akafikiri. "Kwa hiyo mimi nina kwetu mbili, halafu nyinyi mna moja moja." Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia. "Mmepunjwa."

Mama Breki alicheka mpaka akashika ukuta. Jumapili saa kumi na moja alimrudisha mpaka getini, Mwalimu akafungua, wakasalimiana, mtoto akaingia. Njia ya kurudi alikwenda kwa miguu, ingawa ilikuwa mbali. Alipofika alikuta ndala ndogo mlangoni, moja imeangalia ndani, nyingine nje. Hakuzigusa mpaka Jumatano, siku ya kuondoka safari.

Miezi saba ilipita hivyo. Alimbembeleza msimamizi wa safari pale yadi, akabadilishana zamu na wenzake, akaacha mizigo yenye malipo manono, ilimradi Jumamosi yake imkute mjini. Alinunua ndala nyingine, safari hii kwa kupima kwa uzi.

Kisha siku moja, wakishusha mzigo, mlango wa ubavuni wa tela ulichomoka bawaba ukamwangukia kifundo cha mkono wa kulia. Hospitalini wakaufunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko na kumwambia wiki nane, labda kumi. Yeye hulipwa kwa safari. Mwajiri alimpa pole, akampa na hela ya matibabu, akampa gari dereva mwingine. Hakumlaumu, dereva asiye na mkono ni abiria.

Tarehe tano ya kwanza alituma nusu. Tarehe tano ya pili hakuwa na kitu. Kodi ya nyumba ilikuwa imekula akiba, na akiba yenyewe haikuwa na minofu.

Mtoto alikuwa likizo kwa bibi mzaa baba tangu ajali itokee, kwa hiyo wao hawakuuona mkono. Jumamosi yake ya kwanza baada ya likizo ilipofika, aliamka mapema, akaoga kwa mkono mmoja, akavaa gauni lisilo na vifungo. Akatembea mpaka kona ya mtaa wa Mwalimu. Pale miguu ikagoma. Aliliona geti la bluu, akaona na baiskeli ya mtoto imeegemea ukuta, akajiona yeye mwenyewe jinsi atakavyoonekana: mama asiye na hata senti ya sabuni, amekuja kuchukua mtoto kama amelipia. Kichwani hesabu ilimjia nyepesi sana. Hujalipa, basi huna zamu. Utaingiaje mikono mitupu? Na mkono wenyewe mmoja. Akageuka.

Mwalimu alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe: *Mtoto alikusubiri. Uko salama?* Maneno manne tu, yasiyo na dai lolote. Lakini mdaiwa husoma barua kwa macho yake. Katika kila neno Mama Breki alisikia deni likimwita kwa jina. Akaandika kwa kidole gumba cha kushoto: *Niko safari.*

Uongo ule ulimfungia ndani kuliko kufuli. Mtu aliye safarini haonekani sokoni. Haonekani mtaani, hawezi hata kuwasha redio kwa sauti. Jumamosi za zamu yake alivuta pazia na kukaa. Kopo la maziwa alilifungua kwa kulibana katikati ya magoti. Akasikiliza misumari ikipimwa dukani, kilo kwa kilo, na wanunuzi wakibishana bei ya simenti, na aliwaonea wivu watu wale ambao shida yao ilikuwa ni simenti. Mchana alijinyoosha kwenye kitanda kidogo, miguu ikining'inia kuanzia magotini, akatazama dari. Mlango wa chumba aliuacha wazi, utafikiri kuna mtu aliyeagiza.

Jirani wa chumba cha pili, mshonaji wa viti vya magari, aligonga siku moja kumuuliza kama anaumwa. "Mkono tu," alijibu kupitia mlango. "Mkono haufungi mtu ndani," jirani akasema, na akaenda zake.

Jumamosi ya zamu ya tatu, vidonge vya maumivu viliisha. Alikuwa amefua asubuhi, akaning'iniza nguo kwenye kamba ya uani zikiwa bado zinachuruzika, kwa kuwa mkono mmoja haukamui nguo. Alitoka kwenda duka la dawa, kichwa amekifunika, na alikuwa anarudi kwa njia ya pembeni ya duka la ujenzi, pale mabati mapya yanapoegemezwa ukutani, aliposikia sauti anayoijua kuliko pumzi yake.

"Baba, gonga tena. Labda amelala."

Hakufikiri, alijibanza nyuma ya mabati, plasta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kupitia mwanya aliona bega la Mwalimu na nusu ya Chiriku. Nusu ile ilikuwa imerefuka. Ilivaa viatu vyekundu asivyovijua.

Mwalimu akagonga. Kimya.

"Hayupo, mwanangu. Yuko safari, si alituambia."

"Mbona nguo zake ziko kwenye kamba?"

"Watu huacha nguo."

Chiriku alikwenda kwenye kamba, akashika upindo wa gauni, akaukamua kwa kiganja. Maji yakadondoka mchangani. "Baba, zina maji."

Bega la Mwalimu likageukia upande wa kamba. Kisha akasema, polepole, "Labda jirani kamfulia." Akamshika mtoto begani, akamgeuza upande wa pili, wakaondoka. Chiriku, asiyekuwa na nukta, hakusema neno mpaka walipopotea kwenye kona.

"Mama, unatafuta bati geji gani?" Ni muuza duka, amesimama nyuma yake na kalamu sikioni.

"Natazama tu," Mama Breki alisema.

Siku ile hakula. Wala hakulia, machozi yangekuwa nafuu.

Jumanne ya wiki ya pili ikaja barua yenye muhuri: anatakiwa ofisi ya ustawi wa jamii, Alhamisi, saa mbili asubuhi, kuhusu mtoto. Basi, imefika, alijiambia. Alikuwa amesikia habari za watu waliofungwa kwa kutolipa matunzo. Alihamisha sufuria zake kwa jirani, akatia nguo mbili, mswaki na kipande cha sabuni kwenye mfuko, akapiga moyo konde, akaenda.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mafaili mpaka dirishani. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye mafua makali. Leso mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, na kwa sababu ya koo kuuma alisema maneno machache na kuyachagua. Mwalimu alikuwa ameshakaa. Aliutazama ule mkono wenye plasta, akasimama nusu, akakaa tena.

"Huo mfuko wa nini?" afisa aliuliza.

"Nguo," Mama Breki alisema. "Za jela."

Afisa alipenga kamasi, labda apate muda wa kuficha uso. "Nani kasema jela? Mwalimu, mwambie umekuja kushitaki nini."

Mwalimu alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kuanza somo. "Sikuja kudai hela. Nimekuja kudai mtu. Jumamosi tatu mtoto anakaa na mkoba mgongoni mpaka saa sita. Nikimwambia auvue, anasema akivua, mama ndipo atafika na itabidi auvae tena." Akageukia afisa. "Nimemdanganya mara moja. Mara ya pili siwezi. Mimi nafundisha hesabu, sijui kudanganya kwa mpangilio."

"Sikuwa na pesa," Mama Breki alisema, na lilipotoka hilo, yote yakafuata. "Mkono umevunjika, sina safari, sina malipo. Ningekuja vipi? Ningesimama getini kwako nikasema nini? Nipe mtoto nikamlaze na njaa?"

"Ungesema, 'Mkono umevunjika,'" Mwalimu alijibu.

"Ngojeni," afisa alisema. Akaweka leso chini. "Mama, nani alikuambia mtoto ni kama umeme, usipolipia unakatwa?"

Mama Breki alivuta mfuko wake karibu na miguu.

"Matunzo ni jambo moja. Kumwona mtoto ni jambo lingine. Yote mawili ni haki ya mtoto, si yako, si ya Mwalimu. Usipolipa, yeye hana ruhusa ya kukunyima mtoto. Na yeye akikunyima mtoto, wewe huna ruhusa ya kuzuia pesa. Wengi wanaokuja hapa wanataka kuvifunga kamba moja, wavute kimoja ili kingine kije. Wewe umejifunga mwenyewe. Hiyo sijaiona mara nyingi." Akakohoa. "Deni lipo, silifuti. Lakini mtu akivunjika mkono anakuja kusema, tunapima upya. Hapotei."

"Niliwaona," Mama Breki alisema ghafla. Hakumtazama afisa, alimtazama Mwalimu. "Siku ile mlipokuja. Nilikuwa nyuma ya mabati."

Mwalimu alishusha macho kwenye magoti yake. "Najua. Mabati hayafiki chini. Niliviona viatu vyako." Akainua macho. "Ndiyo maana nikamgeuza mtoto."

Afisa aligeukia dirisha, akachukua muda mrefu sana kutafuta faili ambalo lilikuwa mbele yake.

Waliandika makubaliano mapya siku ileile. Kwa miezi sita mama atume nusu. Deni la nyuma lilipwe kidogokidogo mkono ukipona. Na kwa muda asiosafiri, amchukue mtoto shuleni siku tatu kwa wiki, akae naye mpaka baba yake atoke kazini. Hilo la mwisho alilisema Mwalimu mwenyewe. Wote wakatia sahihi, Mama Breki kwa mkono wa kushoto, sahihi imepinda kama njia ya milimani, na afisa akasema karatasi itapelekwa kwa hakimu ili iwe amri.

Jioni ile ile alisimama kwenye geti la shule. Watoto walimiminika. Chiriku alimwona kwa mbali, akapunguza mwendo. Hakukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto aliutazama mkono. "Umevunjika?"

"Ndiyo. Mlango wa tela uliniangukia."

"Unauma?"

"Siku hizi kidogo tu. Ndiyo maana sikuja."

Chiriku akatazama chini, kwenye miguu ya mama yake, kisha juu tena. "Si unatembea kwa miguu?"

Mama Breki hakuwa na pa kukimbilia. Akachuchumaa pale pale kwenye vumbi, wazazi wengine wakipita. "Natembea kwa miguu. Na siku ile mlipokuja nilikuwepo. Nilijificha."

"Nilijua nguo zilikuwa na maji," mtoto alisema. "Ulinikimbia mimi?"

"Wewe hujanikosea kitu. Niliona aibu. Sikuwa na hela ya kukutunza, nikadhani sina ruhusa ya kukuona. Nilikosea. Mtu mzima naye hukosea hesabu."

Chiriku alijifuta kamasi kwa mkono wa sare. Hakumkumbatia. Alianza kutembea, mama akamfuata, na njia nzima mtoto alikuwa hatua mbili mbele. Walipokaribia nyumbani ndipo aliposema bila kugeuka, "Jumamosi ni zamu yako, au bado uko safari?"

"Ni zamu yangu."

"Tutaona."

Ilikuwa sauti ya baba yake kabisa.

Jumamosi ile Mama Breki alifika saa mbili na nusu, akasimama nje ya geti mpaka saa tatu ili asiwe amevunja amri. Jumamosi ya zamu iliyofuata vilevile. Hata hivyo, kwa miezi mingi mtoto alikuja na mkoba nusu mtupu, kama mtu anayelala hotelini, na hakuacha kitu chochote kule nyuma ya duka, si daftari, si soksi. Mama hakumlazimisha. Mkono ulipona, ukabaki mgumu asubuhi za baridi. Alirudi kwenye usukani, akaomba safari fupi za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, zenye malipo haba. Madereva wenzake walimtania kwamba Mama Breki sasa amekuwa Mama Handibreki, yuko tu palepale. Deni la nyuma alimaliza kulilipa mwezi wa kumi na moja, na Mwalimu akamtumia ujumbe wa neno moja: *Imefika.*

Watu walisubiri warudiane. Dada mkubwa ndiye aliyesubiri zaidi ya wote, akapiga simu kila wiki kuuliza "kuna habari?" Habari haikuwepo. Walikuwa wamejifunza kuongea tena, lakini ni mazungumzo ya watu wawili wanaobeba kabati moja: inua kidogo, angalia mlango, pumzika. Jumapili jioni, geti lilipofungwa, Mama Breki bado alirudi peke yake kwenye vyumba vinavyonuka rangi, na ule upweke haukumzoea wala yeye hakuuzoea. Walikaa tu pamoja, kama wapangaji.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaishia, Mwalimu alimngoja nje ya geti badala ya ndani.

"Nina jambo," alisema. "Naoa. Mkutubi wa pale shuleni. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa watu."

"Hongera," Mama Breki alisema, na akashangaa kuona limetoka zima.

"Harusi ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane." Akajikuna shingo. "Ni zamu yako. Kwa amri, siwezi kukuchukulia. Nakuomba."

Angeweza kukataa. Karatasi ilikuwa upande wake, muhuri na kila kitu, na kwa nukta moja alionja ladha ya kukataa, tamu na chungu kama dawa ya kikohozi. "Jumamosi chukua," alisema. "Jumapili nipe."

Ijumaa ya kuamkia harusi Chiriku alilala kwake, kwa makubaliano, ili asukwe nywele. Alikaa sakafuni kati ya magoti ya mama yake, alasiri nzima. Vidole vya mkono wa kulia vilichoka upesi, ikabidi wapumzike kila baada ya msuko wa tatu.

"Mama, nitamwitaje?"

"Mama mdogo."

"Lakini ni mrefu kuliko wewe."

"Hata twiga aolewe na baba yako, ni mama mdogo. Mwamkie, msikilize, na akikuudhi mwambie baba kwanza, si mimi."

"Kwa nini si wewe?"

"Kwa sababu mimi nitapenda sana kusikia," mama alisema, na mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na akili ya kutosha, akacheka kimya mpaka kichwa kikatikisika na msuko ukaponyoka.

"Utakaa na nani kesho?"

Mkono wa Mama Breki ulisimama, kisha ukaendelea. "Nitakaa na lori. Limechafuka, linataka kuoshwa."

"Hilo si mtu."

"Tulia, nakuvuta."

Asubuhi alimpeleka. Ua ulijaa viti vya kukodi na watoto wa watu. Shangazi mmoja wa Chiriku, dada yake Mwalimu, aliyekuwa akimpenda enzi zile, alimwona getini, akamshika kiwiko. "Ingia hata ukae kidogo, wifi yangu." Bado alimwita wifi.

"Siku nyingine, wifi. Mwangalie nywele, asizifunge kwa raba."

Akaenda yadi. Mlinzi alimshangaa, leo hana safari. Alivuta mpira wa maji, akapandisha mikono ya gauni, akaanza na kioo cha mbele, akashuka kwenye milango, kazi aliyowaachia waosha magari kwa miaka yote. Aliisugua pole pole. Jua lilipanda, likampita. Hakufikiria harusi sana. Mara moja tu alikuta amesimama na dodoki mkononi, maji yanamwagika bure, hajui kwa muda gani.

Saa kumi simu iliita. Nyuma ya sauti ya mtoto kulikuwa na kelele za vyombo na mtu anayecheka.

"Mama, kesho unakuja saa ngapi?"

"Saa tatu. Kama kawaida."

"Baba anasema saa nne, wageni watakuwa wamelala sebuleni."

"Basi saa nne."

"Usichelewe. Na mama mdogo anakusalimia." Akashusha sauti. "Amelia, mama. Amelia kama mtoto, kwa furaha anasema. Nikampa leso yangu."

"Umefanya vizuri."

"Haya. Naitwa."

Simu ikakatika. Mama Breki alikausha kiganja kwenye gauni, akarudisha simu mfukoni. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado. Manane, yote yana tope. Akavuta ndoo karibu, akachuchumaa kwenye la kwanza.